Mwidiwe kwa Herufi D

Nilicheka kwenye arobaini ya mama yangu. Shangazi zangu walinitazama kama nimemwaga mchuzi msikitini, mimi ambaye tangu utoto nasifiwa kwa kunyamaza. Ilikuwa jana alasiri. Wanawake walikuwa wamejaa uani kwetu Ujiji, wengine wanachambua mchele, wengine wanapuliza moto, na rafiki yangu Espe akatokea mlangoni na begi lake la mgongoni, katoka kushuka kwenye boti ya abiria ya Kibirizi. Kichwani amejifunga mtandio, mkunjo umemwangukia jicho moja. Miaka miwili sijamwona. Akawatazama wale wote wasiomjua, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Mwidiwe." Basi, nikacheka. Nikaingia chumbani kwa mama, nikakaa kitandani kwake, nikacheka hadi kicheko kikageuka kilio. Naandika haya leo kwa sababu nyumba imeshakuwa kimya, vyombo vya kuazima vimesharudi kwa wenyewe, na nahisi ni lazima mtu aeleze mwaka ule. Mama angeeleza vizuri zaidi.

Ule ulikuwa mwaka tuliomaliza kidato cha nne, tukawa hatuna la kufanya ila kusubiri matokeo. Espe na mama yake walikuwa wamepanga chumba chetu cha uani, kile cha karibu na bomba, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Mama Espe alishona nguo humo. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, kitanda nyuma yake, na katikati palibaki nafasi ya mtu mmoja kusimama, hivyo nilipokwenda kumtembelea Espe ilibidi mmoja wetu akae kitandani. Mimi na yeye tulisoma pamoja chini ya taa ya jikoni kwetu. Nilimsaidia jiografia, yeye akanisaidia hesabu, na tulipochoka alinifundisha maneno yao. Hakunifundisha kama mwalimu. Yalinishika tu, kama wimbo wa jirani. Sisi Wamanyema wa Ujiji hatuna Kiha cha wenyeji wa milimani, kilicho ndugu ya Kirundi, tuna Kiswahili chetu, na watu wa barabara ya Kasulu wakitusalimia kwa Kiha tunajibu "salama" na kupita. Kwa hiyo maneno yote niliyokuwa nayo ya lugha ya milimani niliyapata kwa Espe, na Espe ni Mrundi.

Walitoka kambi ya wakimbizi kwa karatasi ya ruhusa, ruhusa ikaisha, wao wakabaki. Hilo nililijua kupitia ukutani. Jioni mama alikuwa anakwenda kukaa mlangoni kwa Mama Espe, cherehani ikinyamaza nami nasikia. "Wakinikamata mimi si neno," Mama Espe alisema siku moja. "Ila huyu mtoto. Wakimrudisha kambini shule imekwisha. Na wakitupeleka kwetu, Mama Ramla, kwetu pana nyumba ya mtu mwingine." Mama alikuwa na tabia ya kufikicha kidole gumba kwa kingine akifikiri. Halafu akasema, "Hapa ni kwangu. Mtu akiuliza, ataniuliza mimi." Sikuwahi kumwambia mama kuwa nilisikia. Kwetu mambo mengi yaliendeshwa hivyo, mtu anajua na mwenzake anajua kwamba anajua, na ugali unasongwa kama kawaida.

Ikaja habari ya boti. Kaka Hamisi, mtoto wa mama mkubwa, ni fundi wa boti Kibirizi, anazitengeneza na kuzikalafati, kuziba nyufa zisivuje, palepale ufukweni pembeni ya vichanja vya dagaa. Mzungu mmoja aliyehama alikuwa ameiacha boti yake ya tanga chini ya turubai hadi panya wakazaa ndani. Hamisi akaikomboa, akaiziba, akashona tanga upya, akaipaka rangi ya buluu na kuiandika POLEPOLE ubavuni. Wenzake walimcheka. Siku hizi kila mtu ana injini, nani atakaa ziwani kusubiri upepo? Hamisi alijibu kwamba watalii watakaa, na watalipa. Alitaka kwanza aijaribu mwenyewe, aende kaskazini taratibu kwa kufuata ufukwe, atie nanga kwenye vighuba, alale, apike, aendelee, arudi. Atamchukua rafiki yake Baraka, kijana wa Kalinzi anayejua Kiha na utani kuliko kazi, na akasema kama mama anaruhusu mimi nije kupika. Mama aliruhusu. "Nenda ukajifunze kuongea," aliniambia. "Ndani ya boti hakuna pa kujificha."

Espe hakualikwa. Aliomba. Tulikuwa tunaosha sufuria, akasema bila kuinua kichwa, "Kule mbele, karibu na mpaka, kuna ufukwe tulilala tulipokimbia. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka jiwe moja na mama anapiga mswaki kwa kidole. Nataka nipaone. Nipaone kutoka majini tu, Ramla, sitashuka." Nilimweleza Hamisi, naye akakuna shingo muda mrefu. Akakubali kwa sharti hilohilo. Espe asishuke popote penye watu, na mtu akisalimia, ajibu kama Muha.

Hapo ndipo Baraka alipoanza kazi yake. Kutwa nzima ya kwanza, tukiwa tumepita Kalalangabo na upepo unatusukuma kama mtu asiye na haraka, alimkalisha Espe kwenye ubao wa mbele na kumfundisha herufi moja. Warundi husema mwiriwe. Waha husema mwidiwe. Salamu ni ileile ya mchana, tofauti ni hiyo tu, lakini huku kwetu mtu anayejua akisikia hiyo *r* anageuza shingo.

"Mwi-di-we," alisema Baraka. "Ulimi ugonge. Kama unabisha hodi."

"Mwi-ri-we."

"Wee! Hapo umeshabebwa. Umeshapandishwa gari. Tena!"

"Mwi-di-we."

"Kidogo. Hiyo *d* ina homa. Tena, mwanangu."

Espe alirudia hadi midomo ikamkauka. Mimi nilikuwa nageuza samaki wa migebuka juu ya jiko la mkaa, nawacheka moyoni. Hakuna aliyeniambia nirudie. Nirudie ya nini, mimi Ramla wa Ujiji, mwenye bibi na babu waliozikwa Ujiji?

Leo nikifumba macho nakiona kile chumba cha ndani ya boti kuliko ninavyoona chumba cha darasa letu. Dari fupi, Baraka aligonga kichwa kila alipoinuka na kila mara akasema "samahani" kana kwamba kamkanyaga mtu. Harufu ya rangi mbichi na mawese. Mikeka miwili, pazia la khanga katikati, sisi wasichana upande wa mlingoti. Tulitia nanga kwenye kighuba chenye maji ya kuonesha mawe hadi chini, tukala ugali wa muhogo na sombe nililotoka nalo nyumbani, na Baraka, aliyekuwa ametapika tangu asubuhi kwa sababu mtu wa Kalinzi tumbo lake limezoea mlima, akala kuliko wote. Tulipita chini ya msitu wa Gombe tukasikia sokwe wakipiga kelele, hatukuwaona. Ilikuwa starehe, sikatai. Lakini kila boti ya abiria iliyotupita na kila mvuvi aliyeinua mkono, Espe alishusha kichwa, na mimi nikashusha changu pamoja naye. Tulikuwa tunatembea na furaha yetu kama mtu aliyebeba mayai.

Siku iliyofuata niliwasikia wanaume nyuma ya pazia. "Tugeuze," alisema Baraka. "Huku mbele wanaangalia sana watu. Oya, mimi natania lakini naogopa." Hamisi akamjibu, "Nimemwahidi." "Umemwahidi kumwonesha jiwe. Jiwe, Hamisi!" Nilimtazama Espe. Alikuwa macho, anasikia, midomo inatembea bila sauti. Mwidiwe, mwidiwe, mwidiwe.

Alasiri hiyo mvua ilikuja kwa ghafla kutoka upande wa Kongo, ziwa likawa jeusi, na kabla Hamisi hajalishusha tanga lote, likachanika kuanzia juu hadi katikati kwa mlio ambao hadi leo nikisikia fundi anachana kitambaa nashtuka. Mvua ilipopita tulikuwa tumesukumwa karibu na kijiji kimoja. Sitakitaja jina, watu wake hawakutukosea, walikuwa wanalinda pao. Hamisi akatia nanga mbali kidogo na ufukwe. Tulihitaji uzi mnene na sindano ya kushonea nyavu. Hamisi hakuweza kuiacha boti. Akanituma mimi na Baraka, na Espe akabaki amekaa pale juu, amegeukia ziwani.

Tulikwenda na mtumbwi wa mvuvi aliyekuja kutushangaa. Baraka alipokanyaga mchanga tumbo likamgeuka, akasema, "Nakuja, nakuja," akakimbilia migombani. Nikabaki peke yangu. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alikuwa anashuka njia na vijana wawili nyuma yake. Nilijua ni mkubwa kwa jinsi wanawake wa dagaa walivyompisha. Shikamoo ilikuwa kooni, tayari, lakini yeye akaniwahi.

"Mwidiwe!"

Na mimi, kwa kuwa sitaki kukosa adabu, nikatoa neno lililokuwa karibu kuliko yote.

"Mwiriwe, mzee."

Alisimama. Wanawake wa dagaa wakaacha kugeuza dagaa. Mmoja akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Huyu wa ng'ambo."

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na picha ukutani. Yule mzee ndiye mwenyekiti. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Ujiji, lakini nilisema kwa sauti yangu ile ya kuongea na vidole vya miguu, akasema, "Wapi?" Nikarudia. "Ujiji wote wanaongea. Wewe huongei. Kwa nini?" Akaniuliza shule, nikaitaja. Akauliza kwetu tunakula nini. Nilifikiri ni swali jepesi.

"Ugali wa muhogo na sombe."

"Na nini?"

"Sombe. Kisamvu."

"Sombe!" Mgambo aliyesimama mlangoni alicheka. "Mwenyekiti, tulishika Mrundi, sasa kawa Mkongo. Tukingoja kidogo atakuwa Mzambia."

Baraka akaingia akihema, mikono imelowa. "Mzee wangu, shikamoo. Huyu si Mrundi, namjua. Huyu ni Mmanyema."

"Mmanyema asili yake wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Kongo," akasema Baraka. "Lakini ya zamani!"

Naweza kucheka leo. Pale sikucheka, maana nililiona swali linalokuja kabla halijafika, nalo likafika. Mwenyekiti aliegemea meza, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Binti, tufanye wewe ni wa Ujiji. Mtoto wa Ujiji hana Kiha. Na Kirundi hawezi kukiokota sokoni hadi kimtoke chenyewe. Hiyo *r* umefundishwa. Kuna mtu unaishi naye. Nani?"

Kutoka mlangoni niliweza kuiona Polepole, tanga limening'inia, na mtu mdogo amekaa mbele. Jibu lilikuwa jina moja. Nikilitoa naachiwa, na mashua inakwenda kumchukua mwenye jina. Nikadanganya? Sijui kudanganya, uso wangu unanisema. Basi nikafanya lile ninaloliweza kuliko watu wote. Nikanyamaza. Aliuliza tena, nikanyamaza. Mgambo akasema tumpandishe boti ya kesho wakamhoji wakubwa, nikanyamaza. Machozi yalikuwa yanatoka na mimi nimebana meno. Kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa kutaka, na nikagundua kuwa ni kazi nzito, tofauti kabisa na aibu.

"Ana mama?" mwenyekiti akamuuliza Baraka. "Ana!" akasema Baraka. "Mpigie mama yake, mzee, utaomba radhi mwenyewe." Namba ya mama nilikuwa nayo kichwani. Mwenyekiti akapiga kwa simu yake, akaiweka mezani, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Haloo! Nani?" Mama huwa anaongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Ni mwenyekiti wa kijiji. Tuna binti hapa anasema ni wako."

"Ramla? Ramla wangu? Kafanya nini, mbona hajui hata kufanya kitu! Yuko mzima? Mpe simu. Ramla! Umelowa? Umekula? Na mwenzako je, mama yake yuko hapa mlangoni hana raha tangu mvua ianze, Es..."

"Mama, nyamaza!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Iligonga bati ikarudi. Baraka alishika kichwa. Mgambo alinyooka. Mwenyekiti alinitazama kama nimempiga mama yangu kofi mbele yake, na kwa kweli ndilo nililofanya. Kwetu mtoto hamwambii mama nyamaza. Hata akiwa anaungua moto, anatafuta neno lingine. Simuni nilisikia kuku wa nyumbani wanalia nyuma ya mama. Nikajua amekaa na simu sikioni, kidole gumba kinafikicha kingine.

"Mwenyekiti," alisema hatimaye, na sauti imeshuka, imekuwa ya mtu mwingine. "Shikamoo. Nilipitiliza salamu, unisamehe. Huyo mtoto ni wangu. Umemsikia mwenyewe, hana adabu, lakini ni wangu."

"Marahaba. Ulikuwa unasema kuna mwenzake. Nani?"

"Esha," alisema mama, bila kukwama hata kidogo. "Binti yangu mwingine. Yuko kwenye boti na kaka yake Hamisi. Huyo ana adabu."

Mimi ni mtoto wa pekee. Uani kwetu na mtaani kwetu hakuna asiyejua. Niliitazama ile simu mezani, na Baraka akaitazama pia.

Mwenyekiti alikata simu, akapangusa kioo kwa mkono wa koti. "Mrundi hawezi kumjibu mzazi hivyo," akamwambia mgambo. "Wale wana heshima. Huyu ni wa mjini." Akanigeukia akanisema muda mrefu kuhusu mama, tumbo lililonibeba na maziwa niliyonyonya, nami nikaitikia kila neno, na lilikuwa kweli kila neno. Nilidhani yamekwisha. Akachukua kofia yake. "Haya, twende nikaione boti. Nikamsalimu huyo mwenye adabu."

Njia ya kushukia ufukweni ilikuwa fupi na nilitamani iwe ndefu kama ya kwenda Kidahwe. Espe hakujua kwamba anaitwa Esha. Tulifika majini, mwenyekiti akaweka mikono mdomoni.

"Esha!"

Espe hakugeuka. Alikuwa anashika tanga, Hamisi anapima palipochanika.

"We Esha!"

Hamisi ndiye aliyetazama, hajui ni nani anaitwa. Nikamsikia mwenyekiti anavuta pumzi. Nikaingia majini na viatu vyangu, hadi magotini, nikapiga kelele ya pili ya maisha yangu, zote siku moja. "Esha! Huna masikio? Mama kasema wewe ndiye mwenye adabu! Mzee anakusalimu!"

Aliinua kichwa. Alinitazama mimi, akamtazama mzee, akatazama maji katikati yetu. Niliona kifua chake kinapanda.

"Mwidiwe!" aliita mwenyekiti.

Na juu ya maji ikaja, safi, imegongwa kama msumari, "Mwidiwe, mzee!"

Mwenyekiti alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akanigusa bega. "Umeona? Mdogo wako anajua Kiha kuliko wewe. Mwambie akufundishe."

Uzi na sindano tulipewa na wale wanawake wa dagaa. Tulishona tanga tukiwa tunaelekea kusini, hatukulala, hatukuimba, na jiwe la Espe hakuliona. Alikaa ameniegemea, anasema "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu kwa lugha yao, chini kwa chini, na mara moja akaniuliza, "Esha ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe."

Nyumbani mama alikuwa ametandika mkeka. Nilikuja na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Hakunipa nafasi ya kuyasema, Baraka alikuwa ameshatangulia kumsimulia yote. Aliweka sinia moja, akatukalisha wote wawili, akanisogezea bakuli. "Kula sombe lako, Mkongo," akasema, akaenda kukaa mlangoni kwa Mama Espe. Hatukuwahi kulizungumza. Ila tangu siku hiyo, tukiwa na wageni nami nimejikunja kwenye kona, mtu akisema huyu mtoto wako mpole, mama alicheka peke yake hadi akafuta macho.

Mwaka uliofuata Espe na mama yake walijiandikisha wenyewe kwenye orodha ya wanaorudi, wakarudi kwao. Huko nyumba ilikuwa na mtu mwingine, kweli, wakaanza kwenye chumba cha kupanga kama chetu. Mama alipougua nilimtumia Espe ujumbe, alipofariki nikamtumia mwingine. Jana aliniambia kwamba safari hii boti yao ilisimama pale karibu na mpaka, mchana kweupe, akiwa na karatasi yake mkononi. "Nimeliona," alisema. "Dogo tu. Nilidhani ni kubwa."

Kabla ya dua, sheikh aliuliza kutoka barazani marehemu ameacha watoto wangapi, apate kuwaombea kwa majina. Shangazi akajibu, "Mmoja tu, huyu Ramla."

"Wawili," nilisema.

Shangazi akanigeukia, mwiko mkononi. "Wawili wepi? Wa pili nani?"

"Esha."

"Abee," aliitikia Espe kutoka kwenye masufuria, na safari hii hakuhitaji kuitwa mara mbili.